Sindano ya Saba

Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake, mzee wa miaka sabini na minne, asubuhi ya Krismasi, akipapasa saruji kwa viganja vyote viwili kama mtu anayetafuta maji chini ya mchanga. Alikuwa tayari amevaa nguo yake nyeupe ya kanisa. Hakuinama kutazama, maana macho yake hayakuwa tena ya kutazama vitu vidogo. Alipapasa tu, kutoka mlangoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi dirishani, na kila alipomaliza upande mmoja alisema, "Hapa haipo," akahamia mwingine. Jirani yetu Fatumo alimfuata kwa nyuma na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akiiburuta taratibu kando ya ukuta.

Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na mtoto mikononi.

Walikuwa wanatafuta sindano. Ndani ya nyumba ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikuwa chumbani humo, na bado nilisimama, nikawaangalia wanawake wawili wazima wakifagia sakafu kwa mikono. Naandika haya kwa sababu ya ule mlango. Mama yeyote anaweza kujikuta amesimama pale. Mimi nilifika kwa hatua ndogo ndogo, na hakuna hata moja iliyonishtua.

Mama mkwe aliitwa Wanji, na mtoto wangu pia aliitwa Wanji. Kwao Murang'a, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na sisi tulikaa miaka tisa kabla ya kumpata wa kumpa hilo jina. Alipozaliwa, mume wangu Peterson, ambaye ni karani wa ofisi ya maji hapa Garissa, alimpigia mama yake simu akashindwa kusema. Alilia tu hewani hadi salio likaisha. Mwaka uliofuata mzee alifiwa na mumewe, akaja kukaa nasi hapa mtaani Galbet. Alishuka na sanduku moja, Biblia ya Kikuyu iliyoshonwa jalada la kitambaa, na mkebe wa sindano. Tangu siku hiyo hata mimi nilimwita Shosho, yaani bibi, kama mtoto, isipokuwa nilipotaka kumheshimu zaidi ndipo nilimwita Mama.

Kazi yake ilikuwa kushona mablanketi ya viraka. Kila Jumatano alikwenda kwa Fatumo, ambaye ni fundi wa kushona madera, akarudi na mfuko wa mabaki: hariri za arusi, pamba za baati, yale magauni ya kukaa nyumbani, pindo za yunifomu za shule. Alivipanga kwenye veranda tangu asubuhi mpaka jua linapozunguka kona ya nyumba, kisha akahamia ndani chini ya feni. Kila kiraka alikishona akimwombea mtu mmoja, na haanzi kingine mpaka amemaliza na huyo. Kiraka cha njano kilikuwa cha dada yake mgonjwa. Cha kijivu kilikuwa cha Peterson, kwa sababu ya pikipiki yake.

"Ayeeyo, na mimi umeniweka wabi?" Fatumo alimuuliza siku moja kwa lafudhi yake ya Kisomali, akimwita bibi, akiegemea ukuta unaotutenganisha.

"Wewe uko pembeni kabisa, karibu na pindo. Ukitoroka nikuone."

"Nitoroke niende wabi, na deni ya uzi sijamaliza kukudai?"

"Ndiyo maana nakuombea. Usahau."

Walicheka hivyo kila wiki. Mmoja alikuwa na tasbihi na mwingine na Biblia, na kitambaa kilipita kati yao kama chumvi.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya kazi, maana kila kitu kiliingilia hapo. Kwa kuwa macho hayakumwezesha tena kutia uzi, kila asubuhi baada ya chai mimi nilimtilia uzi kwenye sindano saba. Saba, si zaidi. Alizichomeka mapema kwenye blanketi, hapa moja, pale nyingine, mahali atakapofika, ili uzi ukiisha asinisumbue jikoni. Sindano iliyomaliza uzi wake aliichomeka kwenye kitambaa cha samawati alichokibana kifuani. Akimaliza siku, zote saba ziwe pale kifuani. Ndipo aliponiita.

"Gacheri, hesabu."

Nikaja, nikahesabu kwa sauti, moja hadi saba, na ndipo blanketi likakunjwa. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyeligusa. Hata mgeni akiwa mlangoni, mgeni alisubiri. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya uzee. Baadaye Peterson aliniambia kwamba mama yake aliwahi kumwona ng'ombe akifa kwa sindano iliyoanguka kwenye nyasi, akiwa msichana, na sindano ilikuwa yake.

Blanketi la Desemba ile lilikuwa la mjukuu wake. Kila mwaka lile la Krismasi alimpa mama aliyejifungua, lakini mwaka ule alisema Wanji mdogo amefika miaka miwili, ametoka kwenye hatari ya uchanga, sasa na yeye apate lake. Alilishona kwa miezi minne. Mchungaji aliahidi kuliombea kwenye ibada ya mkesha.

Mkesha wetu huwa alasiri. Hapa kwetu hatukeshi kanisani usiku, kwa ajili ya usalama. Askari hukaa langoni na bunduki na kile kifimbo cha kukagua chuma, na saa tisa kamili lango hufungwa. Aliye nje amebaki nje, hata awe mzee wa kanisa. Tumezoea hivyo.

Na mimi mwaka ule nilikuwa nimepewa kusoma somo la kwanza. Katika miaka mitano ya Garissa hakuna aliyewahi kunipa kitu cha kusoma mbele ya watu. Nilishonewa nguo mpya na Fatumo, ya rangi ya zabibu. Nilikuwa nimesoma ile sura jikoni hadi sufuria zikaijua. Saa nane na nusu tuk-tuk ilikuwa nje ikipiga honi, mtoto ameshavaa, na Shosho bado anamalizia pindo la mwisho. Alikata uzi kwa meno, akanyoosha mgongo.

"Gacheri, hesabu."

Nilihesabu. Hilo ndilo ambalo watu hawakulijua kwa siku nzima. Wangeweza kunisamehe upesi kama ningekuwa nimesahau, lakini sikusahau. Niliinama kifuani pake, nikasikia harufu ya mafuta yake ya mgando, nikahesabu: sita. Nikahesabu tena haraka. Sita. Honi ikalia. Nikaona lango linafungwa, nikaona mtu mwingine akisimama mahali pangu na Biblia ya kanisa mkononi. Nikajiambia ya saba iko ndani ya mkebe, itakuwa haikutoka leo.

"Saba, Mama," nikasema.

"Asante. Kunja basi."

Nikalikunja, nikalitia kwenye mkoba.

Langoni kulikuwa na askari anayeitwa Bare, kijana wa hapa hapa, mpole, ambaye watoto wa Sunday school walimpenda kwa sababu alijifanya anakagua wanasesere wao. Alipitisha kifimbo juu ya mkoba wangu. Kikalia, kidogo tu, kama nzi aliyeingia kwenye chupa.

"Mama, kuna kitu ya chuma iko hapa."

"Ni zipu, afande."

"Zibu ndiyo inalia hivyo?"

"Ni ya Kichina."

Akacheka. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, dakika zilikuwa zimebaki tatu. Akanipungia mkono nipite. Nimefikiria sana lile jibu langu. Lilitoka upesi, laini, likiwa limeshafuliwa na kukunjwa, kama lilikuwa likinisubiri mdomoni.

Nilisoma vizuri. Watu waliniambia baadaye kwamba nilisoma vizuri sana.

Tulirudi nyumbani kama saa kumi na moja. Nani Garissa anajifunika blanketi mwezi wa Desemba? Tulilitandika sakafuni chini ya feni ili mtoto achezee juu yake. Shosho alikaa kitini, uso wake ukifuata sauti ya miguu midogo. Wanji alizunguka blanketi lote, akikanyaga kiraka kimoja kimoja, kisha akafanya ule mchezo wake wa kujitupa chali aone kama tutashtuka.

Hakulia mara moja. Kwanza alinyamaza, mdomo wazi, kama anayetafuta pa kuanzia. Ndipo kilio kikatoka.

Nilimnyakua. Nikamlaza begani, nikampigapiga mgongoni kama mama yeyote anavyofanya. Basi, basi, basi. Kwa mkono huu wa kulia. Kadiri alivyolia ndivyo nilivyozidi kumpigapiga. Nilipomvua blauzi niliona kitone chekundu chini ya bega la kushoto, kidogo kuliko punje ya mtama. Nikasema ni mbu. Nilisema kwa sauti, Shosho akasikia, akasema tutandike neti vizuri.

Usiku ule mtoto alipata joto. Asubuhi alikuwa akipumua juu juu, pumzi fupi fupi kama za ndege aliyeshikwa. Peterson alisema ni kifua, hewa ya feni, akaenda kutafuta duka la dawa lililo wazi. Hakuna aliyekwenda ibada ya asubuhi. Shosho alikuwa ameshavaa. Alikuwa akibana kile kitambaa cha samawati kwa mazoea tu, maana Krismasi hashoni, vidole vyake vikapita juu ya sindano, vikasimama, vikarudi.

"Gacheri. Jana zilikuwa saba?"

Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Nilihisi mbavu zake zikienda na kurudi.

"Saba, Mama."

"Hapa ni sita." Akafikiri. "Basi imeanguka nikivaa nguo. Mtoto asitembee huko chumbani. Niitie Fatumo."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile sakafu. Fatumo alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia kwa ajili ya Krismasi yetu, akaiweka mezani, akarudi mbio kuleta sumaku bila kuulizwa mara ya pili. Fundi anajua sindano. Kwake ikivunjika, mashine inasimama mpaka vipande vyote vionekane. Kabla ya kupiga magoti alimpa Wanji peremende. Mtoto aliipokea kwa mkono wa kulia. Fatumo akatoa nyingine, akaielekeza upande wa kushoto kwa utani. Mkono wa kushoto haukuinuka. Ulijaribu, kisha mtoto akakunja uso, akauacha.

Fatumo aliniangalia. "Abaayo, dada yangu," akasema polepole, "huyu analala namna gani jana?"

"Alilala vizuri," nikasema.

Sikuweza kusema. Sijui nielezeje. Mzee alikuwa sakafuni na nguo yake nyeupe, akisema hapa haipo, hapa haipo, na kila aliposema ndivyo neno langu lilivyozidi kuwa zito kulitoa. Nilichoweza kufanya ni kutoka. Nikasema nampeleka mtoto kwa Peterson huko kwenye dawa. Nikasimamisha tuk-tuk, na badala ya kusema duka la dawa nikasema kanisani.

Nataka kuwaambia ukweli: bado nilikuwa natafuta njia ya kutokuwa na kosa. Nilijiambia, kile kifimbo kikinyamaza, basi sikufanya kitu.

Ndani walikuwa wanaimba. Lango lilikuwa limefungwa. Bare alikuwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, bunduki kifuani, kifimbo kiunoni.

"Mama, umechelewa. Leo sifungui."

"Sitaki kuingia, afande. Mpitishie hicho kitu."

"Nani?"

"Mtoto."

Alitaka kucheka, akaniona uso. Akakitoa. Nilimgeuza Wanji, kichwa chake kwenye shingo yangu, mgongo nje. Bare alianzia kichwani, kimya. Shingoni, kimya. Bega la kulia, kimya. Nikaanza kushusha pumzi. Aliposhuka bega la kushoto, kikalia.

Akakiondoa. Akakifuta kwa suruali yake kama kwamba kilikuwa na vumbi, akarudisha mahali pale pale. Kikalia tena, kidogo, kama nzi.

"Hii si zibu, mama," akasema. Hakusema kwa ukali. Aliipigia tuk-tuk mluzi, akamwambia dereva aende hospitali kubwa na asipite kwenye mashimo, akanishika kiwiko nikipanda. "Mgongo usiguse kabisa."

Daktari wa zamu aliitwa Idman, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimwita mtu wa picha kutoka nyumbani kwake. Picha ilipoletwa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaiona: mbavu za mwanangu kama vijiti vya kitana, na kati ya viwili kati ya hivyo mstari mweupe, mnyoofu, safi kuliko kitu chochote kwenye picha ile. Ncha yake ilielekea ndani.

Wakati huo wakafika, maana nilikuwa nimempigia Peterson simu nikasema tu sindano imo mwilini mwa mtoto. Peterson mbele, Fatumo akimwongoza Shosho kwa mkono. Magoti ya nguo nyeupe yalikuwa ya kijivu.

"Imeingia lini?" daktari akauliza.

Shosho akajibu kabla yangu. "Ni mimi, daktari. Ni macho yangu. Ilianguka leo asubuhi, nikivaa. Mtoto akaikalia."

"Mama, si nilikuambia uache hiyo kazi?" Peterson alisema. Hakupaza sauti. "Si nilikuomba?"

"Uliniomba," mzee akasema.

Daktari aliwanyamazisha kwa mkono. "Nisikilizeni. Kama ni ya asubuhi hii haijasafiri sana, nitakata hapa juu niifuate. Kama ni ya kabla ya hapo, kila pumzi imeisogeza. Nikikata hapa naweza kuisukuma kwenye moyo. Itabidi picha nyingine, na mtaalamu wa ganzi, na kujiandaa kufungua kifua. Kwa hiyo nauliza tena. Leo asubuhi, mna hakika?"

Shosho alifungua mdomo kusema ndiyo. Aliamini. Angeapa.

"Si leo," nikasema. "Ni jana. Saa kumi na moja jioni."

Daktari akanigeukia. "Umejuaje?"

"Nilihesabu sita. Nikasema saba. Akaiangukia, nikamchukua nikampigapiga mgongo." Nilimwonyesha kwa mkono, hewani, sijui kwa nini. "Muda mrefu."

Daktari aliandika saa kwenye karatasi, akamwambia muuguzi majina mawili ya watu wa kuitwa, akaondoka akitembea haraka bila kukimbia. Peterson aliniangalia kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Fatumo aligeukia ukuta, midomo yake ikitembea. Shosho alitafuta benchi kwa mkono, akalipata, akakaa. Baada ya kitambo alianza kuomba kwa Kikuyu, chini chini. Mimi ni Mmeru, nusu naelewa. Nilisikia jina la mtoto mara nyingi. Nikasikia na langu. Alikuwa ameanza na langu.

Walikaa naye ndani saa tatu na nusu. Kwenye korido, wodi zingine zilikuwa na jamaa waliobeba pilau kwenye vikapu, mtu fulani amefunga puto kwenye meza ya wauguzi. Ninyi wenzangu mnaolea, mkiona mtoto amelia ghafla na hamjui sababu, msimpigepige. Na jambo mnalolijua lisemeni likiwa bado dogo, hata kama litawaaibisha, hata kama mnamwogopa mtu. Baada ya siku moja halitoki bila kisu.

Idman alitoka na sindano ndani ya kichupa. Ilikuwa nzima, na uzi mweupe uliokatika, urefu wa kidole kimoja, ukiwa bado kwenye tundu, umegeuka rangi ya chai. Alisema ncha ilikuwa imefika kwenye ngozi ya moyo, lakini haikuipenya. Alisema atapona. Peterson alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

Siku ya tatu muuguzi alimtoa mirija, akamkalisha kitandani. Wanji alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, bandeji imemzunguka kama mkanda wa mtu mzima. Alituangalia sote, akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu.

"Mama amchukue," muuguzi akasema. "Anaruhusiwa sasa."

Niliinuka. Mikono yangu ilifika nusu ya njia ikasimama. Sikujua niiweke wapi. Mahali pote nilipozoea kumshika palikuwa mgongoni.

Shosho alikuwa upande wa pili wa kitanda. Kwa siku tatu alikuwa amenisalimu, amenipa chai, ameniuliza kama nimelala, na jambo lile hakulitaja. Alisikia kilio, akasikia kwamba sijasogea.

"Ungesema sita, tungechelewa tu, Gacheri," akasema. "Basi. Tungechelewa."

"Ndiyo, Mama."

Alinyoosha mkono juu ya shuka, akaupata mkono wangu, akaushusha hadi chini ya mapaja ya mtoto. Akautafuta wa pili, akauweka nyuma ya kichwa, kwenye nywele.

"Hapa na hapa," akasema. "Sasa mnyanyue."

Nikamnyanyua. Alikuwa wa moto, mwepesi, na alikuwa akilia kwa nguvu zaidi sasa, karibu na sikio langu, na mzee akasogea nyuma ili kutupisha.